Kopo la Saluni

Kila nikipita kwenye rafu za maziwa ya watoto, hasa pale makopo yamepangwa mpaka juu na msichana wa matangazo amesimama kando akitabasamu, hasira hunipanda utadhani mambo yenyewe yalitokea jana. Wenzangu wakikumbuka ule mwezi wa kwanza baada ya uchaguzi, hukumbuka moshi, polisi na redio. Mimi nakumbuka rafu tupu, na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: "Maziwa ya watoto hakuna, usiulize." Hiyo "usiulize" ndiyo sijaisamehe.

Nani alikuwa anauliza kwa kupenda? Dada yangu mdogo alikuwa amefariki mwezi wa kumi na mbili, siku tisa baada ya kujifungua. Alituachia mtoto msichana aliyezaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba ukimbeba unahisi umebeba shali tupu. Baba wa mtoto tulimwona mazishini amevaa miwani ya jua, na hatukumwona tena. Mama yangu akamchukua mjukuu wake nyumbani kwetu Kabiria, kwenye shamba ambalo babu alikuwa akilima mahindi na ambalo Mama amelijaza vyumba vya mabati vya kupangisha. Mimi nilikuwa naishi naye nyumba ya mbele, sina mume wala mtoto, na kazi yangu ilikuwa mjini, River Road, kwenye duka la kuchapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na stika. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa natoka kila siku, kutafuta maziwa kukawa kazi yangu.

Nesi wa kliniki alikuwa ametuonya waziwazi. "Huyu tumbo yake bado haijakomaa," alisema. "Maziwa ya kopo peke yake mpaka miezi sita. Ya ng'ombe hapana." Mama, aliyelea watoto watano kwa maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi, alimsikiliza kwa adabu zote, akafika nyumbani akachemsha maziwa ya ng'ombe na kuyaongeza maji. Mtoto alitapika mpaka akalegea. Tulishinda kliniki kutwa nzima akiwekewa maji kwa sindano ya kichwani. Tangu siku hiyo hata Mama alikubali kwamba kopo likikosekana, mtoto huyu atamfuata mamake. Aliishi, wacha niseme mapema. Leo ananizidi urefu. Lakini hakuishi kwa sababu ya busara yetu.

Kuhusu maziwa yalivyopotea, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Malori yamekwama kwa sababu madereva wanaogopa barabara. Waagizaji wanangoja bei ipande. Watu wamenunua kwa hofu. Huenda yote yalikuwa kweli. Ila mimi nilijionea kwa macho yangu, siku maduka yalipofunguliwa tena, mwanamke amesimama nje ya supamaketi Barabara ya Ngong, buti la gari li wazi, anapakiziwa katoni baada ya katoni. Nilimwendea nikamwomba aniuzie kopo moja tu. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Na wewe si ungekuja mapema?" alisema.

Mapema, na barabara ya kutoka kwetu ilikuwa imewashwa matairi tangu alfajiri. Basi wenye magari walinunua ya miezi sita, wenye maduka wakaficha yaliyobaki, na sisi tunaonunua kopo moja likiisha jingine tukaambiwa kuna uhaba. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Katikati ya mji kulikuwa na duka la dawa la mzee mmoja Mhindi, ambaye familia yake imeuza dawa kwenye kona hiyo tangu kabla sijazaliwa. Yeye alikuwa na makopo machache nyuma ya kaunta na sheria yake mwenyewe: kopo moja kwa kila kadi ya kliniki, na tarehe anaiandika nyuma ya kadi kwa kalamu nyekundu. Mimi kadi nilikuwa nimeiacha nyumbani. Hakuna aliyewahi kunidai kadi ndipo aniuzie chakula.

"Leta kadi, mama," alisema. "Bila kadi siwezi."

"Mzee, mamake amekufa. Ama unataka na cheti ya kifo?"

"Pole sana. Lakini watu wananunua hapa kwangu, wanaenda kuuza hapo nje mara tatu. Kesho kuja na kadi. Nitakuwekea moja."

Nilimtukana. Nilimwita mchoyo mbele ya foleni nzima, nikasema watu wa aina yake ndio wanaotunyonya tangu zamani. Ni maneno ambayo mjini kwetu hayakosi wa kuyaitikia, na kweli wawili watatu kwenye foleni waliguna kuniunga mkono. Mzee aliinamia kadi ya mtu aliyefuata. Kesho yake nikaona haya kurudi, na lile kopo aliloniwekea sikulifuata. Katika mwezi ule wote huyo ndiye mfanyabiashara pekee niliyemwona akigawa kwa haki, na ndiye pekee niliyemtukana. Mwishowe ndiye aliyetuokoa, nilipomwendea na kadi mkononi baada ya mambo yote kuharibika, na hakunikumbusha hata neno moja nililosema. Laiti ningekuwa na moyo wa kurudi siku ile aliyoniambia.

Nyumbani tulikuwa kwenye kopo la mwisho. Mama alianza kupunguza unga: vijiko vitatu badala ya vinne kwenye chupa ileile, halafu viwili. Nilimwona akipima nikamwacha, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimehesabu vijiko vilivyobaki. Chupa ikawa na maji yaliyotiwa weupe tu. Mtoto alinyonya mpaka mwisho, akalala kidogo, akaamka akilia, na kile kilio kilikuwa kinapungua nguvu kila siku.

Mabati hayazuii sauti. Siku moja asubuhi, mpangaji wa chumba cha sita, mama aliyekuwa na mvulana wa miezi minne, alitoka mferejini na ndoo yake, akaitua, akasimama mlangoni kwetu. Kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa.

"Mama, unisamehe kama naingilia," alimwambia mama yangu. "Huyo mtoto analia njaa. Mimi niko na maziwa mingi, hata inamwagika. Wacha nimnyonyeshe mpaka mpate."

"Asante," Mama alisema. "Lakini siku hizi kuna magonjwa."

Yule mama hakukasirika. Alirudi chumbani kwake, akaja na kadi yake ya kliniki, akaifungua pale palipoandikwa kwamba amepimwa na yuko sawa, akaiweka mezani. Mama hakuigusa. Alisema tu, "Tutapata. Usijali." Mpangaji akaokota kadi yake, akabeba ndoo, akaenda.

Nilipomuuliza sababu, Mama alifunga mlango kwanza.

"Watu wao wamechomea dada yangu nyumba," alisema. "Sasa hivi analala kwa kanisa huko Bonde la Ufa na wajukuu. Wewe unataka niweke mtoto ya marehemu kwa kifua yao?"

"Yeye hajachoma mtu, Mama. Amekaa hapa miaka mitatu."

"Hata hao wengine walikuwa majirani."

Uchungu wake haukuwa wa kuigiza. Yule dadake ndiye aliyekuwa akitulisha likizo zote tukiwa wadogo, na nyumba yenyewe naijua mpaka rangi ya madirisha. Lakini mtoto wa wiki saba hana kabila, ana tumbo. Nilipaswa kumwambia Mama hivyo siku ile, si leo. Wiki hiyohiyo vijana wa mtaa walipita wakiuliza wenye nyumba orodha ya wapangaji wao na makabila yao, na Mama akamwambia yule mama ahame kufikia Jumanne inayofuata. "Ni kwa usalama wako," alimwambia. Nilikuwa sebuleni napiga pasi blauzi ya kazini. Niliyasikia maneno yote, nikageuza blauzi upande wa pili.

Kazini, mwenzangu mmoja ndiye aliyeniambia kwamba Kenyatta Market kuna saluni inayouza maziwa ya watoto. Sikuuliza saluni na maziwa wapi na wapi. Jumamosi nilikuwa pale kabla ya wachoma nyama kuwasha makaa.

"Ziko," mwenye saluni alisema. "Lakini hatuuzi hivyo tu, mrembo. Hapa ni saluni. Kaa kwanza usukwe."

Huo mtindo ninaujua tangu utoto. Sukari ikiadimika, huuziwi mpaka ununue na majani ya chai. Unga ukikosekana, unapewa na kiberiti usichokihitaji. Tumezoea kiasi kwamba hatuuoni kuwa wizi. Tunauliza tu leo masharti ni yapi. Hapa masharti yalikuwa kichwa. Nywele zangu nilikuwa nimezikata kwa ajili ya msiba, zimeota kidogo tu, na mwenye saluni alizivuta kwa vidole viwili akasema zitashika rasta nyembamba ingawa zitauma. Tulikuwa wanawake sita tumeketi kwenye benchi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusukwa. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni aliyekuwa akinyonya ncha ya leso.

Nilisukwa kwa saa tatu na nusu. Kutoka upande wa pili ulikuja moshi wa nyama na vicheko vya wanaume waliokuwa wakila. Mwenye saluni alikuwa akipita nyuma yetu akituchekesha. "Mtoto atashiba, na mama atapendeza," alisema, "ubaya uko wapi?" Nilicheka. Machozi yalikuwa yananitoka kwa kuvutwa, na bado nilicheka, kwa kuogopa kwamba nikinuna nitaambiwa makopo yamekwisha. Wahenga walisema kufa kufaana, ila sidhani walimwona mtu akifaidi njaa ya mtoto mchanga huku ameshika kitana. Nikiwa nimeshalipa kichwa na kopo, nilitoka pale nimesukwa kama bibi harusi, dada yangu hajamaliza miezi miwili kaburini. Mama aliponiona mlangoni aliangalia nywele, kisha akaangalia kopo.

Kopo lilikuwa la kigeni, maandishi yake hatuyajui. Ubavuni lilikuwa na stika nyeupe yenye maelezo ya kuchanganya na tarehe. Nilisoma tarehe: ilikuwa na zaidi ya mwaka mbele. Nikachanganya vijiko vinne kamili, na mtoto akanywa yote.

Siku ya pili alianza kuharisha. Siku ya tatu Mama alimpeleka kliniki, nesi akasema apewe maji ya chumvi na sukari, na apewe maziwa safi. "Yako safi," Mama alimwambia, "tumenunua mpya." Siku ya nne asubuhi, mtoto alikuwa macho lakini halii tena, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nilikuwa natayarisha chupa karibu na mlango, kwenye mwanga, kopo likiwa mbele ya macho yangu. Ndipo nikauona mstari.

Ulikuwa mstari mwembamba, mweusi, umekata pembe ya juu ya stika kutoka upande mpaka upande. Niliujua kabla ya kukumbuka niliuona wapi. Pale dukani kwetu River Road tunafanya kazi kwa sheria moja: mteja akileta sampuli, unanakili, huulizi. Ukiuliza, anapanda ngazi zilezile hadi kwa jirani, na wachapaji tulikuwa kila ghorofa. Mwezi wa kumi na moja alikuja mtu na oda ya stika nyingi, za haraka. Maneno ya kuchanganya yalikuwa kwenye karatasi safi, lakini tarehe alikuwa ameziandika kwa mkono nyuma ya pakiti ya sigara. Mimi ndiye niliyezipanga kwenye kompyuta. Bamba la kuchapia likakwaruzwa pembeni, kila stika ikatoka na mstari, nikamwambia tulirudie. Akasema hana muda, mstari hauna neno. Nami nikafurahi kwamba mteja si msumbufu.

Nililowesha stika kwa maji ya moto ya chupa nikaibandua kwa kucha. Chini yake, kwenye bati, kulikuwa na tarehe halisi iliyogongwa kiwandani. Maziwa yalikuwa yameharibika hata kabla dada yangu hajapata mimba.

Nilikuwa nimekasirikia watu wote mwezi ule: mwanamke mwenye buti la gari, mzee wa dawa, mwenye saluni, mama yangu, vijana wa mtaa, wanasiasa wote waliokuwa wakibishana kwenye redio huku watoto wao wakinywa. Sasa hasira ikanigeukia, na sikujua kuibeba. Nilimwonyesha Mama kopo. Kiingereza chake si kingi lakini tarehe anasoma.

"Nani amefanya hii?" aliuliza.

"Watu," nilisema.

Watu. Hilo ndilo jibu nililompa, na sijalibadilisha mpaka leo. Kisha nikamnyakua mtoto kitandani, nikatoka naye hadi chumba cha sita.

Nilisahau ilikuwa siku ya kuhama. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Mume wake alikuwa nje akifunga godoro na meza kwenye mkokoteni kwa kamba, na yeye alikuwa amesimama na mwanawe mgongoni, akiangalia huku na huku kama ameacha kitu. Nilimnyoshea mtoto tu.

Hakuuliza kwa nini leo na si siku ile. Alimfungua mwanawe akampa mumewe, akapindua ndoo, akaketi juu yake, akampokea wetu. Mtoto hakujua la kufanya. Alikuwa hajawahi kushika ziwa tangu siku zile tisa za kwanza. Aliliachia, akageuza uso. Yule mama akamkamulia matone mdomoni, moja moja, bila haraka, huku mumewe akisema nje kwamba mwenye mkokoteni anangoja. Halafu mtoto akashika. Nilisikia akimeza. Nililia bila aibu, nimesimama katikati ya chumba kitupu na rasta zangu za saluni.

Mama alikuja nyuma yangu. Nilidhani amekuja kunizuia, nikajiandaa kugombana naye. Hakuwa amekuja kwa hilo. Kwake mpangaji akihama, ufunguo hupokelewa mlangoni, mkononi, na chumba hukaguliwa papo hapo. Hajawahi kuuacha utaratibu huo hata mara moja. Alikuwa ameshanyosha mkono ndipo akaona.

"Ngoja amalize, mama," mpangaji alisema.

Mama akangoja. Alisimama pale mkono ukishuka polepole, akiangalia sakafu, ukuta, balbu, kila mahali isipokuwa palipokuwa na mtoto. Mimi nilikuwa nangoja aseme neno moja tu: kaa. Nilimwangalia mdomo. Nilijiambia plot ni yake, vyumba ni vyake, mimi ni nani nimwambie mpangaji abaki. Nilijiambia na vijana wa mtaa watasemaje. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa zinanitosha. Mvulana alianza kulia nje, na mamake akamhamishia wetu upande wa pili.

"Wewe utangoja," alimwambia mwanawe kupitia mlango, kwa sauti ya kawaida.

Mtoto aliposhiba alilegea, mdomo ukaachia wenyewe. Yule mama akampangusa kidevu kwa ncha ya leso, akainuka, akampa Mama, si mimi. Kwa kuwa mikono ya Mama ilikuwa imejaa, ufunguo akauweka yeye mwenyewe kwenye mfuko wa sweta ya Mama. Akasema tubaki salama. Tuliusikia mkokoteni ukishuka mpaka barabarani.

Mtoto alilala usingizi ambao hajawahi kulala tangu aje kwetu. Tuliketi tukimwangalia, tukinong'ona kwamba rangi imerudi, Mama akasema Mungu ni mkubwa. Saa kumi jioni akaamka. Hakulia mara moja. Aligeuza kichwa huku na huku kwenye kifua cha Mama, mdomo wazi, akisaka alichokipata asubuhi, akashika kitambaa cha sweta, akakiacha, akasaka tena. Mama aliniangalia.

"Sasa tutampa nini?" aliuliza.

"Mpe huo ufunguo," nilimwambia. "Anyonye."